Pikipiki ya Kizamani kwa Dereva Mpya wa Kabondo: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Avenyu nyingi za Kabondo, hapa Kisangani, ni udongo mwekundu. Mvua ikinyesha ni utelezi, jua likiwaka ni vumbi, na mashimo yake wenyeji huyajua kwa jina la nyumba iliyo mbele ya kila moja. Hiyo ndiyo barabara utakayojifunzia. Anayetaka pikipiki ndogo yenye sura ya zamani, yaani taa ya duara, tangi la kuchongoka, kiti bapa na rimu za spoki, hana kosa. Ni sura nzuri, na imewashinda wengi waliojaribu kuiboresha. Kosa ni kuichagua kutoka picha za simu zilizopigwa kwenye lami ya London au Tokyo. Maagizo haya ni ya mtu anayeanza kabisa. Mwenye kubisha abishe baada ya mvua za mwaka mmoja.

Kaa juu yake kabla ya kuuliza bei.

Nyayo zote mbili zilale chini, visigino vikiwemo. Kugusa kwa vidole hakutoshi, kwa sababu mfereji uliochimbwa na maji ya mvua utauacha mguu mmoja ukitafuta ardhi, na mashine itaegemea upande huohuo. Ukishashuka, isukume kinyumenyume kwenye mwinuko mdogo injini ikiwa imezimwa. Kisha mwombe muuzaji ailaze juu ya gunia, uiinue mwenyewe. Akikunja uso, mwache akunje. Asiyeweza kuinua pikipiki yake asiinunue, awe mwanamume au mwanamke.

Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinazotembea Kisangani zina uzito wa kilo 100 hadi 130 hivi. Hapo ndipo pa kuanzia. Royal Enfield Classic 350, ambayo imewatia vijana wengi uchu wa sura ya kizamani, ina kilo 195, na nguvu zake ni za farasi 20 tu. Si mashine mbaya. Ukoo wake wa Bullet umeundwa India tangu 1955 na bado unauzika. Lakini kilo 195 zikilala kwenye matope, juu ya mguu wa mtu ambaye bado anatafuta klachi kwa macho, zitahitaji wanaume watatu kuzinyanyua. Na hao watatu hawatanyanyua bure.

Usinunue vazi la zamani juu ya mashine usiyoijua.

Pikipiki za sura hii ni za namna mbili, tena dukani husimama zimepangwa pamoja. Ya kwanza ina sura hiyo kwa sababu iliundwa hivyo miaka ya 1970 na hakuna aliyeona sababu ya kuibadilisha. Ya pili iliundwa juzi, ikavalishwa. Utaitambua ya pili kwa mapambo: usukani mfupi ulioshushwa, madigadi yaliyokatwa, tairi nene zenye meno makubwa, bomba la moshi lililozungushiwa kitambaa, kiti kisichomtosha hata mwenye pikipiki.

Kila pambo hapo lina hesabu yake. Usukani wa chini huhamisha uzito wa mwili hadi kwenye viganja. Unapopita polepole kati ya mashimo unahitaji usukani mpana, wa juu, unaogeuka kwa nguvu ndogo. Madigadi yaliyokatwa hurusha matope ya nyuma mgongoni mwako, jambo la kufua tu, lakini yale ya mbele hujaa kwenye mapezi ya injini. Injini hizi hupozwa kwa hewa. Mapezi yakizibwa na udongo uliokauka, joto halina pa kutokea, na mwenye pikipiki atasema ni oili mbaya. Kitambaa cha bomba hunywa maji kila mvua na kukila chuma kilicho chini yake. Tairi zenye meno makubwa zinafaa matope, nakubali, ila nyingi ya hizo ni za sura tu. Kwenye lami iliyolowa mpira wake mgumu huteleza.

Tafuta injini ambayo fundi wa jirani amekwisha kuifungua.

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote hapa. Mtu akikumbuka hili na kusahau mengine, atasalimika.

Mwaka 1976 Honda walitoa pikipiki iliyoitwa CG125. Waliiunda kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa kupita kiasi, vumbi ni la kila siku, na oili haikumbukwi mpaka injini ilie. Pikipiki zao nyingine za wakati ule ziliendesha valvu kwa mnyororo mdogo uliopanda hadi kichwani mwa injini, na mnyororo huo ulikuwa ukilegea ukikosa matunzo. Katika CG wakauondoa, wakaweka fito za chuma zinazosukuma valvu kutoka chini. Ni ufundi wa kizamani hata kwa miaka ile, na kwa sababu hiyo ulidumu. Mwaka huohuo Honda walifungua kiwanda Manaus, Brazili, na CG125 ndiyo iliyoanza kutoka pale. Itazame Manaus kwenye ramani: mji wa mto mkubwa, katikati ya msitu wa ikweta, mvua bila kuchoka. Ni hali ya Kisangani ileile.

Baadaye viwanda vya China viliinakili injini hiyo kwa majina yasiyohesabika. Ndiyo maana pikipiki ya bei nafuu yenye jina ambalo hujapata kulisikia huenda ikawa na moyo ambao fundi wa kona ya avenyu yako anaufungua bila kuutazama. Basi usimwulize muuzaji juu ya injini. Mwulize fundi. Mpeleke dukani, umlipe muda wake, mwache apige magoti pembeni mwa mashine. Akisema “hii naijua”, endelea. Akisema “hii nitaijua tu”, mshukuru na uondoke naye.

Bajaj Boxer na TVS, zote za India, hazitumii fito hizo, lakini nazo zinapita mtihani huu, kwa sababu mafundi wamezizoea na madereva wa teksi wamekwisha kuzijaribu kwa ukatili kuliko maabara yoyote. Boxer haina mbwembwe, lakini mfumo wake ni uleule wa kale: silinda moja, hewa ya kupoza, breki za ngoma, kiti kirefu bapa. Mzungu angeilipia zaidi kama ingeandikwa “ya kumbukumbu” kwenye tangi. Yamaha waliuza SR400 kuanzia 1978 hadi 2021, nayo haikuwa na stata ya umeme, ni kiki tu, na wapenzi wake waliililia ilipokoma. Kwetu mtu anapiga kiki kwa sababu betri imekufa, na hakuna anayempiga picha.

Usinunue yenye injekta kwa pikipiki ya kwanza.

Najua injekta huwaka vizuri asubuhi na hula mafuta kidogo. Lakini kituo cha mafuta kikiwa mbali au kikiwa kitupu, utanunua kwa chupa kutoka kwa kadhafi, muuza mafuta wa kando ya barabara, na ndani ya chupa hiyo kuna siku utakuta maji. Kabureta yenye maji unaifungulia skrubu ya chini, yanatoka, unaendelea na safari. Injekta yenye maji inahitaji pampu, chujio na mtu mwenye kifaa cha kusoma hitilafu. Mtafute kwanza mtu huyo Kabondo. Ukimpata, nunua injekta.

Chujio dogo la plastiki kati ya tangi na kabureta litakugharimu kitu kidogo sana. Liweke siku ya kwanza.

Taja vipuri vinne kabla ya kutoa pesa.

Waya wa klachi. Breki shuu za mbele na nyuma. Cheni pamoja na gia zake mbili. Tyubu ya tairi ya ukubwa uleule. Nenda soko kuu ukavitafute kabla ya kulipa. Vinne vyote vikipatikana siku moja, pikipiki hiyo ni ya mji huu. Muuzaji akikuambia “nitakuagizia”, kumbuka vinatoka wapi: Kinshasa iko karibu kilomita 1,700 kwa mto, na upande wa mashariki ni barabara ya taifa namba 4, kupitia Bafwasende na Nia-Nia hadi Komanda na Beni, njia ambayo lori hufika siku ambayo barabara inataka. Waya wa klachi wa mkono wa kushoto haungojei.

Angalia pia namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. 2.75 au 3.00 kwa rimu ya inchi 17 au 18 utazipata kwa kila muuza tairi. Zile pikipiki za mtindo wenye tairi za unene wa ajabu zitakufanya uagize tairi kama mtu anayeagiza dawa ya nadra.

Chagua yenye cheni iliyofunikwa, kama unaipata.

CG125 za zamani zilikuwa na kasha zima la cheni, na Yamaha AG100 pia. Vijana hulivua wakisema linaficha uzuri. Udongo wa Kabondo ukichanganyika na grisi ni msasa. Cheni iliyo wazi huliwa upesi na gia zake pamoja nayo.

Ukienda kwenye mtumba, jua unachonunua.

AG100 zinazouzwa baada ya kutumikia misheni, miradi ya afya na mashirika zinastahili heshima. Iliundwa kwa kazi za shambani, ina keria ya chuma na mwili unaovumilia kuanguka, na kwa macho yangu hakuna pikipiki ndogo iliyozeeka kwa heshima zaidi. Lakini injini yake ni ya mipigo miwili, na inakunywa oili yake maalumu kutoka tangi dogo la pembeni. Tangi hilo likikauka, injini hukwama na hakuna onyo la maana. Upande wa pili wapo wanaotia oili ndani ya petroli ya Boxer kwa sababu baba alifanya hivyo kwenye pikipiki yake ya zamani. Mipigo minne haichanganyiwi kitu. Uliza, kisha uandike kwa rangi juu ya tangi.

Kwa mtumba wa aina yoyote, fika injini ikiwa baridi; aliyeiwasha kabla hujafika anaficha asubuhi yake. Pikipiki ya mipigo minne ikitoa moshi wa buluu usiokoma, inakula oili. Shika gurudumu la mbele ulisukume mbele na nyuma: mgongo wa usukani ukigonga, kuna beringi iliyokufa. Pitisha kidole chini ya shingo ya fremu na kwenye viungo vya shokapu. Ukigusa donge la kuchomelea lililopakwa rangi, usijadiliane bei.

Usimkatishe mchomeleaji pikipiki nzima ili ifanane na picha.

Mkia wa fremu unabeba mgongo wako na wa abiria wako.

Iwashe taa usiku.

Giza hushuka upesi karibu na ikweta, na umeme wa bwawa la Tshopo hauifikii kila avenyu. Taa ya duara hupendeza mchana, lakini kwenye pikipiki nyingi za bei nafuu inapata umeme moja kwa moja kutoka injini: ukipunguza mwendo, inafifia. Yaani inafifia palepale unapopunguza mwendo ili ulione shimo. Ijaribu mahali pa giza, injini ikinguruma polepole. Kama huoni mguu wa mtu aliyesimama hatua kumi mbele, bei ya balbu bora uitie kwenye hesabu ya ununuzi.

Nunua kofia kabla ya pikipiki.

Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi. Hakuna kipuri kingine cha kukupa hesabu hiyo. Kwa hiyo pesa za kofia hazitoki kwenye chenji. Zinatengwa kwanza, na kinachobaki ndicho cha pikipiki. Tafuta kibandiko chenye herufi E ndani ya duara na namba ya kipimo, 22.05 au 22.06. Vibandiko hughushiwa, kwa hiyo bonyeza pia povu la ndani: liwe gumu na nene, si sponji ya godoro.

Mtego wa wapenzi wa sura ya kizamani uko hapa. Wanataka kofia ya nusu kichwa yenye miwani na ngozi ya kahawia. Inapendeza. Kidevu kiko wazi, na ukianguka kifudifudi kidevu hufika chini mapema. Vaa inayofunika uso. Funga kamba. Kofia iliyokaa juu ya tangi au iliyoning’inia mkononi inalinda tangi na mkono. Iliyokwisha kuanguka na kichwa ndani yake usiinunue, hata ikioshwa.

Usikubali karatasi za kesho.

Barabara za nchi hii zina sheria yake: Sheria namba 78/022 ya 30 Agosti 1978. Pikipiki inahitaji plaki na carte rose, mwendeshaji anahitaji leseni, na bima ya kumlinda mtu utakayemgonga ni lazima. Tangu sheria ya bima ya 2015 SONAS, kampuni ya bima ya serikali, si mlango pekee, basi linganisha. Soma namba iliyochongwa kwenye fremu mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, dhidi ya karatasi. Namba iliyosuguliwa, au karatasi “ziko kwa ndugu yangu Bunia”, maana yake unanunua kesi ya mtu mwingine. Bei itakuwa nzuri sana. Inapaswa kuwa nzuri.

Usijifunze kwa muuzaji, wala usijifunze siku ya kununua.

Kisangani ni mji wa toleka, yaani teksi za baiskeli. Wengi mlikua mkiendesha baiskeli au mkibebwa nyuma yake, na msawazo mnao tayari. Nao huo ni nusu ya kazi, sikatai. Shida ni tabia zinazokuja na msawazo huo: kupita upande wa kushoto wa barabara kwa sababu una kivuli, kuburuza mguu ili kusimama, kuogopa breki ya mbele. Tunaendesha kulia. Na breki ya mbele ndiyo inayosimamisha pikipiki kwenye lami kavu. Asiyeigusa kabisa amejinyima sehemu kubwa ya breki zake. Ibane pole na kwa kuongeza, usiinyakue. Kwenye udongo uliolowa tumia zote mbili kwa wepesi, mashine ikiwa wima, kabla ya kona na si ndani yake. Jifunze kwenye uwanja mtupu, kwa pikipiki ya mtu aliyekubali iangushwe, mpaka mkono wa kushoto ufanye kazi ya klachi bila kuulizwa.

Usibebe mtu mpaka ukomae. Mama mwenye beseni la pondu atakuomba, shangazi atakuomba, na kukataa ni aibu. Kataa kwa adabu: “Mama, bado najifunza, sitaki kukuangusha.” Atakuelewa kuliko unavyodhani. Watatu juu ya kiti kimoja, kamwe.

Usimpe motari wa teksi pikipiki yako akuletee versement, yaani malipo ya kila siku, wakati wewe unajifunza wikendi. Hesabu inavutia: inajilipa yenyewe. Lakini klachi iliyopita siku nzima kwenye kona za soko itakufikia imekwisha, na wewe mgeni utadhani hivyo ndivyo klachi zote zilivyo.

Iheshimu mvua.

Hapa hakuna mwezi usio na mvua. Ikianza, simama chini ya baraza. Dakika za mwanzo ndizo mbaya zaidi, vumbi na mafuta ya barabarani yakiwa yameelea na bado hayajasombwa. Ukivuka dimbwi refu, breki za ngoma hulowa ndani na hazikamati. Zibane kidogokidogo ukiwa katika mwendo mpaka zirudi. Kromu na spoki zifutwe jioni hiyohiyo kwa kitambaa chenye oili kidogo, maana kutu haichagui mtindo.

Siku ya kuichukua, nenda asubuhi, siku kavu, na mtu mzoefu akifuata nyuma kwa pikipiki yake. Kagua oili kabla ya kuondoka dukani. Zipo zinazofika zikiwa na oili ya kusafirishia tu. Pima upepo wa tairi zote mbili. Usipite katikati ya mji, Makiso, usivuke daraja la Tshopo saa za watu kwenda kazini, na usimpitie rafiki kumwonyesha. Bila kuivuta sana, ipeleke moja kwa moja nyumbani, na kabla ya kuingia uwanjani simama, zima, angalia chini kama kuna tone lolote la oili.